Afya ni amana, lakini hata paka ana haki yake

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, wanaosema na wasiosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya Kiyama.

Ndugu zangu Waislamu, leo sitazungumzia siasa wala mahakama ya Kadhi. Nataka kuzungumzia raba za mazoezi, sahani ya chakula na paka. Huenda msomaji akajiuliza: haya nayo ni mambo ya dini? Naam, ni ya dini. Mimi mwenyewe nilikuja kujua hivyo baada ya kufanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani siku ile ingerudi nyuma.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kupima afya. Nilikuwa na kilo 94. Daktari akaniambia kuwa sukari yangu imepanda, haijafika mahali pa kuitwa kisukari, lakini iko njiani, na shinikizo la damu nalo limeanza kunyemelea. Akaniuliza nakula nini na natembea kiasi gani. Nikaona aibu kumjibu, kwa sababu jibu langu ndilo jibu la wengi wetu tunaoishi mjini. Asubuhi chapati mbili na supu. Mchana chipsi na soda kwa sababu ndicho chakula kilicho karibu na kazini. Jioni wali, kisha mtu huyo analala. Wiki ikiisha kuna walima hapa, hitma pale, Maulidi kule, na kote huko pilau inatungoja kwenye sinia. Kutembea ni kutoka mlangoni mpaka kituo cha mwendokasi, na siku nyingine hata hapo tunaita bodaboda.

Hebu tujiulize, je, mwili huu ni mali yetu? La hasha. Ni amana, na mwenyewe ataiulizia. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Allah ametuamrisha tule na tunywe, lakini tusifanye israfu, kwani Yeye hawapendi wenye kufanya israfu. Na katika hadithi aliyoipokea Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.), iliyomo katika Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake, na kwamba akiwa hana budi basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Mafundisho haya tunayasikia kila Ramadhani, halafu adhana ya Magharibi ikilia tunavamia futari kana kwamba hatukuyasikia.

Basi nikaamua kubadilika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 30, siku tano. Nikaanza kwa kutembea, kutoka Magomeni kwa barabara ya Kawawa mpaka Morocco na kurudi. Baada ya miezi miwili nikaanza kukimbia polepole. Baada ya miezi minne nikajiunga na kikundi cha jogingi, na barabara ya Ali Hassan Mwinyi kuelekea Daraja la Salenda nikaizoea kama uani kwangu. Soda nikaacha. Chapati nikapunguza. Ugali ukawa wa dona, na mchicha ukawa haukosekani mezani. Mwaka ulipokwisha nilikuwa na kilo 78, na daktari akatabasamu. Alhamdulillah.

Lau mambo yangeishia hapo, makala haya yangekuwa ya kuhimiza mazoezi tu, nami ningemaliza kwa kuwakumbusha hadithi iliyopokewa na Muslim kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Lakini hayakuishia hapo.

Kheri iliyogeuka

Ndugu zangu, Shetani hana haja ya kumtoa mtu msikitini na kumpeleka baa. Wengine huwapitia kwenye mlango wa kheri. Humchukulia mtu jambo jema moja, akalikuza mpaka likaziba mengine yote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Kikundi chetu kiliamua kujiandaa kwa nusu marathoni, yaani kilomita 21 na ushei. Tukapewa ratiba ya wiki 16: siku za kukimbia polepole, siku za kasi, na kila Jumamosi mbio ndefu. Ratiba ile nikaibandika ukutani sebuleni, mahali palipokuwa na kalenda ya nyakati za swala. Kalenda nikaihamishia nyuma ya mlango. Wakati ule sikuona kitu. Leo naiona ishara yote.

Tulikuwa tunatoka saa kumi usiku ili tuwahi kabla ya jua na magari. Alfajiri ikawa inatukuta barabarani. Wenzangu wengi si Waislamu, na mimi nikaona haya kuwasimamisha. Nikawa naswali peke yangu nikirudi nyumbani, siku nyingine jua limekaribia kuchomoza. Mtu niliyekuwa safu ya pili kila Alfajiri nikawa naonekana msikitini mara mbili kwa wiki. Na mavazi nayo! Kaptula za mbio ni fupi, na uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, jambo tulilofundishwa chuoni tukiwa watoto. Nikajiambia kuwa kuna giza, nani ataniona?

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mke wangu akawa anapika vyungu viwili: kimoja cha watu wa nyumbani, kingine changu. Samaki wangu wa kuchemsha, mayai yangu matatu, lozi zangu ndani ya kopo ambalo watoto walikatazwa kuligusa. Kila aliyekula andazi mbele yangu alipata hotuba. Ijumaa jioni hatukuwatembelea tena wazee, kwani kesho yake ilikuwa mbio ndefu. Jumamosi mchana nilikuwa nalala. Siku moja nikamlalamikia mke wangu kwamba dagaa za paka zinakula pesa, na miguuni nilikuwa nimevaa raba ambazo bei yake ingemlisha paka huyo miaka.

Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Usiku huo aliniambia: "Baba watoto, anayekimbia ni wewe, lakini tunaochoka ni sisi."

Nikamjibu kuwa nailinda amana ya Allah. Nikamtajia na hadithi ya Muumini mwenye nguvu. Nilikuwa nimeichukua dini na kuifanya ngao ya matamanio yangu. Naomba kila mwanamume anayesoma hapa asimame kidogo kwenye sentensi hiyo.

Yaliyotokea

Nyumbani kwetu tuna paka. Binti yangu mdogo, aliyekuwa na miaka tisa, alimwokota chini ya gari siku ya mvua akamwita Nyau. Zilipobaki wiki tano kabla ya mbio zetu, mke wangu alipata msiba kwao Tanga. Aliondoka Ijumaa baada ya swala pamoja na watoto, akaniachia maagizo mawili tu: nisisahau kufunga geti usiku, na nimwangalie Nyau. Paka alikuwa amezaa. Watoto wake watatu, wenye umri wa wiki tatu, walikuwa kwenye boksi uvunguni mwa kitanda cha binti yangu. "Dagaa na maji, asubuhi na jioni," akasema binti yangu akiwa mlangoni na begi lake. Nikamwambia asiwe na shaka.

Jumamosi saa kumi kasoro niliingia stoo kuchukua raba. Stoo yetu iko nje, imeezekwa bati, mlango wake ni wa chuma. Paka akanifuata, kama kawaida yao wanapoona mtu ameamka. Nikatoka mbio, nikavuta mlango, nikateremsha komeo. Siku ile tulikimbia kilomita 18.

Niliporudi niliswali, nikala, nikalala. Alasiri nikaenda kikundini kuchukua jezi. Usiku nikarudi nimechoka. Bakuli la paka sikuliangalia. Nilipojilaza nikasikia mlio. Mlio mwembamba, wa kukatikakatika, kutoka nyuma ya nyumba. Nikajiambia ni paka wa jirani. Ratiba ilisema mkimbiaji alale saa nane. Nikanyoosha mkono, nikaongeza feni.

Jumapili nikatoka tena, mbio fupi ya kulegeza misuli. Karibu na adhuhuri mke wangu akapiga simu kutoka Tanga. Tukazungumza habari za msiba. Kisha simu akachukua binti yangu, akauliza neno moja: "Baba, Nyau amekula?"

Sikumjibu. Nilikwenda stoo na simu mkononi.

Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni. Paka alikuwa hai. Alinipita bila kuniangalia, akapepesuka, akaingia ndani kwenye boksi. Watoto wawili walikuwa wanatikisika. Wa tatu alikuwa amekwisha kufa. Kwa umri ule maziwa ya mama yao ndiyo chakula chao, nao walikuwa wamekaa zaidi ya saa thelathini bila maziwa.

Binti yangu aliporudi Jumanne akawahesabu. Akaniuliza: "Baba, ulikuwa unafanya nini?" Nikamwambia, "Nilikuwa nafanya mazoezi." Hakulia mbele yangu. Alikwenda kuchukua maji, akayaweka karibu na boksi, akakaa chini.

Mizani ya asiyesema

Ndugu Muislamu, nani katika sisi hajaisikia hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka? Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Alimfungia paka mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Nimeisikia hadithi hiyo tangu chuoni, nami kila mara nilimfikiria yule mwanamke kuwa ni katili, mwenye moyo wa jiwe. Sikuwahi kufikiri kwamba mlango kama ule unaweza kufungwa na mtu anayeswali, anayetoa sadaka, na anayeamini kuwa yuko katika kujenga afya yake.

Baada ya Isha nikamfuata ustadhi wetu, nikamweleza yote. Nilitaraji anipoze. Akanikumbusha kwanza kuwa Allah ameusamehe umma huu yale yanayofanywa kwa kukosea na kwa kusahau. Nikashusha pumzi. Kisha akaniuliza: "Na ule mlio wa usiku, nao uliusahau?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Asubuhi nilikosea. Usiku sikukosea. Usiku nilisikia, na nikachagua usingizi wangu. Nikamuuliza nifanye nini. Akanijibu kuwa toba ina masharti yake: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki ya uliyemdhulumu. Nikasema, "Ustadhi, haki ya paka nitairudishaje?" Akasema, "Waliobaki wapo. Na mkeo yupo. Na wanao wapo. Anza nao."

Nimelifikiri sana jibu hilo, na nimeona kuwa paka wangu alikuwa mizani. Mke anaweza kusema, na wangu alisema. Watoto wanaweza kununa. Jirani anaweza kuuliza mbona haonekani mtu msikitini. Wote hao nilikuwa na majibu yao. Lakini kiumbe asiyesema humfanyii hoja. Ama amekula, ama hakula. Ukitaka kujua kama mambo ya nyumba yako yamekaa sawa, usiangalie anayepiga kelele. Mwangalie yule asiyeweza kukudai.

Na katika Suratul An'am, aya ya 38, Allah ametufahamisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma kama sisi, na wote watakusanywa kwa Mola wao. Si vitu vya kuchezea tukichoka tukavitupa.

Kila mwenye haki apewe haki yake

Wapo watakaosema: basi wewe ulizidisha, ndio maana sisi tumeamua kukaa. Hapana, ndugu yangu. Dini yetu haikujengwa juu ya kukimbia kosa moja na kuangukia jingine.

Tuikumbuke habari ya Salman na Abu Dardaa (r.a.) katika Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha kuwa ndugu. Salman akamtembelea nduguye, akamkuta mkewe Ummu Dardaa hajijali hata mavazi. Alipomuuliza, akaeleza kuwa Abu Dardaa hana haja na dunia. Alikuwa anafunga mchana na kusimama usiku. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na usiku akamtaka alale, mpaka mwisho wa usiku wakaamka wakaswali pamoja. Kisha akamwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wake wa nyumbani wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) akathibitisha kuwa Salman amesema kweli.

Zingatieni vizuri. Abu Dardaa hakuwa anakimbia barabarani. Alikuwa katika ibada! Ikiwa swala za usiku na funga za sunna zinaweza kuzidishwa mpaka mke akadhulumiwa, je, jogingi? Je, ratiba ya kikundi? Je, simu na mpira tunaoutazama mpaka usiku wa manane?

Lakini tusisahau upande wa pili. Abdullah bin Amr bin Al-As (r.a.) naye alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, na Mtume (s.a.w.) akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, jicho lake lina haki, na mkewe ana haki. Kwa hiyo anayeupuuza mwili wake mpaka ukaoza kwa maradhi ya kula na kukaa, naye amedhulumu mwenye haki. Mizani ina sahani mbili.

Na mazoezi si jambo geni katika nyumba ya Mtume (s.a.w.). Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyomo kwenye Abu Daud, kuwa walikuwa safarini wakashindana mbio, naye akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili wakashindana tena, Mtume (s.a.w.) akamshinda, na akamwambia kwa utani kuwa hii ni badala ya ile. Ndugu zangu wanaume, oneni: mbio za Mtume (s.a.w.) zilikuwa pamoja na mkewe, zikaongeza mapenzi. Mbio zangu zilikuwa za kumkimbia mke wangu. Nilihesabu kilomita zangu zote, lakini sikuwahi kumuuliza kama yeye naye amepata nusu saa ya kunyoosha miguu. Naye presha anayo!

Tumefanya nini

Nitaeleza tuliyoyafanya nyumbani kwangu, si kwa kujionesha, bali huenda yakamfaa mwenzangu.

Kwanza, swala ndiyo ratiba. Kalenda ya nyakati za swala imerudi ukutani. Naswali Alfajiri kwa jamaa, kisha ndiyo natoka. Kikundi nimekieleza, nao hawakukataa. Aliyekuwa ananizuia ni haya yangu mwenyewe. Wawili kati yao hutungoja nje ya msikiti, tukitoka tunaanza pamoja. Nguo zangu zinafunika magoti. Ramadhani napunguza sana, natembea nusu saa kabla ya futari au baada ya Tarawehe, na mbio ndefu zinangoja mpaka Shawwal.

Pili, chungu ni kimoja. Sote tunakula dona, maharage, mchicha au kisamvu, samaki au dagaa, na tunda. Chumvi imepungua, na huo pia ni ushauri wa Shirika la Afya Duniani, chini ya gramu tano kwa siku kwa mtu mzima. Chai ya watoto haina tena vijiko vitatu vya sukari. Pilau haikufukuzwa, ila haiji kila wiki. Tukialikwa walima tunakwenda, tunakula kwa kiasi, na hatumfanyii mwenyeji hotuba. Tumepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia chakula aibu. Akikitaka alikula, asipokitaka alikiacha. Hilo peke yake lingenitosha kunyamaza mbele ya andazi la watu.

Tatu, Jumamosi asubuhi nimeigawa. Wiki moja ni mbio yangu ndefu, wiki inayofuata ni matembezi ya nyumba nzima. Mke wangu amevaa stara yake na raba zake, watoto wako mbele, tunapita njia zisizo na magari mengi. Mwanzoni alichoka baada ya dakika kumi na tano. Sasa mimi ndiye ninayeambiwa nikaze mwendo.

Nne, mambo ya nyumbani. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Ikiwa aliye bora wa viumbe alikuwa hivyo, mimi mkimbiaji wa Magomeni nimekuwa nani hata nisioshe sahani niliyolia?

Tano, wasiosema. Kila Alfajiri nikienda kutia udhu, kabla sijagusa maji ya kwangu, najaza bakuli la Nyau. Kuna hadithi ya Abu Qatada (r.a.) ambayo sasa naipenda kupita kiasi. Alikuwa akimiminiwa maji ya udhu, akaja paka akataka kunywa, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Aliyekuwa akimtazama akashangaa, na Abu Qatada akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzunguka majumbani. Hebu mwone Sahaba huyu. Yuko katika kujiandaa kwa swala, na hakuona kuwa kiu ya paka inamchelewesha.

Na wenye mbwa wa ulinzi, kwani mjini wako wengi, hukumu za unajisi wake tunazijua na tuzifuate. Lakini unajisi haumwondolei haki ya chakula, maji na kivuli. Yule mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Allah alimshukuru na kumsamehe. Masahaba walipouliza kama wana malipo kwa wanyama, Mtume (s.a.w.) akajibu kuwa kila chenye ini bichi kina malipo. Ninaowaona wakimbiaji wenzangu wakiokota mawe kila wakiona mbwa amelala zake, nawakumbusha hivyo.

Kidogo cha kudumu

Kuna somo moja ambalo mazoezi yenyewe yamenifunza, na linakubaliana na dini. Septemba 2025, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo. Kilomita 42 na mita 195, na mwishoni alimpita mshindani wake kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Tuliona mita za mwisho tu. Lakini mtu huyo alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata medali ya shaba katika ubingwa wa dunia London mwaka 2017, na miaka minane baadaye ndipo ikaja dhahabu. Huo si moto wa mabua. Ni subira ya siku baada ya siku.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.), kuwa amali zinazopendeza zaidi kwa Allah ni zile za kudumu hata zikiwa chache. Bakuli la maji kila Alfajiri ni kidogo. Nusu saa ya kutembea ni kidogo. Kumuuliza mke amelalaje ni kidogo. Lakini kidogo hicho kikidumu, siku ya mizani Inshaallah kitaonekana.

Mbio zetu za nusu marathoni nilikimbia baada ya yote hayo. Kwa kuwa nilikuwa nimepunguza mazoezi, nilimaliza kwa saa mbili na dakika 41, nyuma ya wengi wa kikundi chetu. Nilipofika nilipiga simu nyumbani. Binti yangu hakuniuliza nimekuwa wa ngapi. Aliniambia Nyau amekula, na kwamba wale wawili wamepanda juu ya kabati hawajui kushuka. Nikamwambia nakuja kuwashusha.

Sijui hesabu yangu kuhusu yule wa tatu itakuwaje. Naomba msamaha, na natumaini rehema za Mola wangu ni pana kuliko uzembe wangu. Lakini kila nikivaa raba nausikia mlio ule, na sitaki unitoke. Namwomba Allah atupe miili yenye afya, riziki ya halali, nyumba zenye utulivu, na masikio ya kuwasikia wanaotutegemea kabla mlango haujachelewa kufunguliwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.